Mchele wa Goma na kijana wetu wa depo

Haya ni maneno ya mama mtunza-kese wetu kwenye mkutano wa wanachama hapa Saio, Bunia, Jumanne tarehe 8 mwezi wa saba 2025. Tumeyaandika ginsi alivyoyasema. Tumepunguza tu pale mvua ilipopiga mabati tukashindwa kusikia.



Prezida ameniomba niseme dakika kumi na tano. Mimi si mwalimu, na munanijua: niko mama wa soko, nauza mchele na maharagi, na hesabu yangu ni ya kopo. Lakini nafikiri ndiyo sababu wameniomba mimi. Kijana tunayemkumbuka leo alikufa juu ya mchele.

Jina lake ni Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa Goma tarehe 13 mwezi wa sita 1981. Akauawa Goma mwaka 2007, na siku wanayomkumbuka ni hii ya leo, tarehe 8 mwezi wa saba. Alikuwa na miaka 26. Leo imetimia miaka 18 tangu afe. Kama angeishi, angekuwa na miaka 44 sasa, baba wa watu, labda na tumbo kidogo na watoto wa sekondari wenye kumsumbua na pesa ya masomo.

Mwanzo niseme jambo moja wazi, juu hapa ndani tuko wa makanisa mengi, na wengine wanasali msikitini. Mimi nasali CECA 20. Floribert alikuwa Mkatoliki, wa jumuiya ya Sant'Egidio, na Kanisa lake limemtangaza Mwenyeheri mwezi uliopita, tarehe 15, kule Roma, ndani ya basilika ya Mtakatifu Paulo. Sherehe ilifanyika mbali na kwao. Goma yenyewe imeshikwa na M23 tangu mwisho wa mwezi wa kwanza. Mambo ya Wenyeheri nawaachia ndugu zetu Wakatoliki, wao wanayajua. Mimi nataka tumwangalie kama mtoto wa jirani, kijana mwenye alikuwa na kazi, na mshahara, na mchumba, sawa na vijana wenye tunawaona kila siku hapa Saio wakipita na moto.

Floribert hakukulia katika taabu kama watoto wetu wengi. Alisoma, akafika universite, akasoma sheria. Angeweza kukaa na wenzake wenye viatu vizuri na kungoja maisha. Lakini Goma ya miaka ile wengi wenu munaikumbuka. Volkano ya Nyiragongo ilishuka mpaka ndani ya mji mwezi wa kwanza 2002, ikaunguza manyumba hata katikati ya mji. Na vita havikuwa mbali. Barabara zilijaa watoto wasio na mtu, wale wenye watu wa Goma wanawaita maibobo. Munajua ginsi watu wanavyowatendea watoto wa namna hiyo. Mtoto akisogea karibu na meza yako sokoni, unashika mfuko wako mbele ya kumwangalia usoni. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi.

Floribert na wenzake walikaa nao. Waliwafundisha kusoma na kuandika, katika kile walichokiita Shule ya Amani. Kuna waliokuwa watoto wakati ule wenye wameshuhudia kwamba yeye ndiye aliwarudisha masomoni. Leo kule Goma kuna shule yenye jina lake, na imepokea watoto wa watu waliokimbia vita, sawa na wa kwetu.

Nimeweka habari hii mbele ya habari ya mchele, na niko na sababu. Mtu hakatai pesa siku moja kwa bahati tu. Floribert aliposimama mbele ya mfuko pale mpakani, alikuwa anajua sura ya mtoto atakayeula. Aliijua kwa jina. Sisi wengine tunauza, tunanunua, tunagawa, na yule mwenye kula hatumwoni.

Sasa nije kwenye kazi. Alipomaliza masomo alipata nafasi OCC, ile ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia inchini. Munajua kwetu kazi kama ile ni nini. Kijana mmoja akipata, ni jamaa nzima imepata. Mwaka 2007 akawekwa Goma, mpakani na Rwanda. Kazi yake ilikuwa kuangalia bidhaa zilizoharibika, na chakula chenye kimeoza kiharibiwe, kisifike sokoni. Alikaa kwenye kiti hicho miezi michache tu.

Ukaja mchele ulioharibika. Wenye mzigo walitaka upite. Walimtolea pesa. Akakataa.

Hapa acha niwaeleze kama mchuruzi, juu wengine wenu munafikiri mchele mubaya unajionyesha. Haujionyeshi. Mchele ukiloweshwa ndani ya lori au ndani ya depo, unashika joto, unafanya vidonge, unanuka sawa na nguo isiyokauka. Mwenyewe hautupi, juu ni pesa yake. Jua likitoka anaumwaga juu ya shitingi. Anavunja vidonge na mikono. Anapepeta mpaka lile vumbi la kijani litoke. Kisha anauchanganya na mchele mpya, anautia ndani ya mfuko mpya wenye picha nzuri, anashona. Ukifika kwangu sokoni, mimi natia mkono, nanusa, naona mchele. Wewe unanunua kopo mbili, unapika, watoto wanakula. Mtu wa mwisho mwenye angeweza kuukamata ni yule aliyeuona mbele haujachanganywa. Akiupitisha yeye, nyuma yake hakuna mlango mwingine.

Mutasema, lakini mama, ni mchele tu, tumbo litauma siku mbili. Sikilizeni. Mwaka 2004 kule Kenya, upande wa mashariki, Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyokaa na unyevu. Ndani yake mlikuwa sumu ya ukungu, inaitwa aflatoksini, inapiga ini. Watu 317 waligonjwa, na 125 wakafa. Sumu ile jicho haliioni, na moto wa jikoni hauimalizi, hata upike mpaka asubuhi. Wale walikula mahindi, wa Goma wangekula mchele, lakini njia ni ile ile: chakula kililowa, kikaliwa. Na kati ya watu wenye kula, mtoto mwenye tayari hana nguvu ndiye wa kwanza kuanguka. Tulikuwa Sebagoro na Kyangwali mwezi wa pili 2018, wakati wa kolera. Hakuna mtu hapa wa kunifundisha, wala mimi kumfundisha mtu, ginsi mtoto anavyoisha kwa siku moja.

Sasa kuhusu zile pesa. Hapa kwetu rushwa haina jina baya, na ndiyo maana inatushinda. Tunaiita matabishi. Tunaiita kitu kidogo. Ndugu zetu wa Kinshasa wameipa jina tamu kupita yote: madeso ya bana, maharagi ya watoto. Angalieni werevu wa jina hilo. Ukimnyima mtu maharagi ya watoto wake, wewe ni mtu wa namna gani? Na ukiyakataa wewe mwenyewe, watu watasema huwapendi watoto wako. Jina limeshahukumu mbele hujafungua kinywa.

Floribert alizungumza na mtawa mmoja wa Goma, mwenye ni daktari, na yule mtawa amelishuhudia. Alimweleza habari ya wale waliotaka kumlipa. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: pesa ile itakwisha upesi, lakini wale watakaokula kile chakula, wao itakuwa ginsi gani? Na alisema kama mtu mwenye imani: kama anaishi kwa Kristo, hawezi kuipokea.

Nimelifikiri swali lake wiki nzima nikiwa nimekaa sokoni. Wakati kila mtu anasema maharagi ya watoto, yeye aliuliza: watoto wa nani? Hakuuliza neno lingine. Na ukiuliza hivyo, lile jina tamu linabomoka.

Jumamosi tarehe 7 mwezi wa saba walimchukua. Jumatatu asubuhi mwili wake ulipatikana, una alama za mateso. Sitaongeza neno hapo. Kuna wazazi hapa ndani wenye watoto wao walichukuliwa hivyo, na hawahitaji kuelezwa.

Mwezi wa pili 2023, Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, aliwaeleza vijana habari yake ndani ya uwanja wa Martyrs. Alitaka vijana wa inchi hii wajue kwamba kijana wa inchi hii hii aliweza kusema hapana. Nakubali. Lakini mimi nilipoisikia redioni sikufurahi. Niliona haya, na sasa nitawaeleza sababu.

Munajua mimi nilirudi Bunia mwaka 2020, na watoto watatu na shitingi moja. Meza yangu ya zamani ilikuwa na mtu mwingine. Chama hiki sikuwa nimekijua. Mchuruzi mmoja, sitamtaja, alinionea huruma, akanipa mifuko mitano ya mchele kwa deni. Nilimshukuru mpaka nikapiga magoti. Nilipofika nyumbani nikafungua wa kwanza, pua ilijua mbele ya macho. Ulikuwa umelowa. Mitano yote.

Nilikaa chini muda mrefu. Ningeurudisha, ningebaki bila kitu, na yeye hangenipa tena. Watoto walikuwa wamelala bila kula. Kesho yake jua lilitoka. Nilimwaga mchele juu ya ile shitingi niliyotoka nayo Uganda, nikavunja vidonge, nikapepeta. Nilikopa mfuko mmoja wa mchele mzuri, nikachanganya. Yale niliyowaeleza sasa hivi, ya vumbi la kijani na mfuko mpya, sikuyasikia kwa mtu. Ni mikono hii.

Niliuza wote kwa wiki mbili, hapa hapa Saio. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, alinunua kwangu. Siku ya tatu usiku wawili kati ya watoto wake walitapika na kuhara. Alikuja kugonga kwangu, kuomba chumvi na sukari awatengenezee maji ya kunywa. Nilimpa. Akasema nafikiri ni maji ya kisima. Nikasema ndiyo, ni maji.

Watoto walipona. Ndiyo neema niliyopata, na sikuistahili. Lakini ile "ndiyo, ni maji" imekaa hapa kooni miaka mitano. Jana nilienda kwake nikamwambia, juu haikuwa haki aisikie mbele ya mkutano. Alinyamaza. Kisha akasema: kumbe ulijua. Hajaniambia neno lingine, na sikumlazimisha.

Nimewaambia haya si kwa sababu ninapenda kujivua nguo mbele ya watu. Ninyi ndio mumeniwekea kese mikononi, na mwenye kushika kese yenu mujue ni nani. Mukitaka kuniondoa, utaratibu uko. Lakini nataka muone pia kwamba mtu aliyechanganya mchele ule hakuwa mwizi mwenye bunduki. Alikuwa mama mwenye njaa, mwenye kusali kila Jumapili. Wale waliomjia Floribert walikuwa wakubwa kunipita, lakini kule chini, mwisho wa barabara ya ule mchele, wako watu kama mimi.

Sasa neno la mwisho, na hili ndilo lilinifanya nikubali kusimama.

Mwezi wa tatu tulinunua mifuko 60 ya mchele kwa familia zilizorudi kutoka ng'ambo ya ziwa na kutoka kambi za hapa. Desturi yetu ilikuwa kufungua mifuko miwili mitatu ya juu, kuangalia, kutia sahihi. Kijana wetu wa depo, mwenye ana miaka 24, alifungua mifuko yote sitini. Alikuta 14 ya katikati imelowa. Akakataa kutia sahihi. Mwenye mzigo akamvuta pembeni, akamwambia maneno yale yale munayoyajua, na akamwonyesha bahasha. Kijana akaiacha kwenye meza, akaja kuniambia mimi na prezida.

Munakumbuka sisi tulifanya nini? Ugawaji ulichelewa siku 16. Watu walikuja na magunia matupu wakarudi na magunia matupu, wengine kutoka mbali, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tulimkasirikia nani? Tulimkasirikia yeye. Tulimwita dokta wa mchele. Kuna aliyesema anatafuta yake, bahasha ilikuwa ndogo tu ndiyo maana alikataa. Kuna aliyemwuliza kama amesahau yeye mwenyewe alirudi na nini. Usiku mmoja watu walirusha mawe juu ya mabati ya mama yake. Na kwenye mkutano ule wa mwezi wa tatu, munaokumbuka, kijana alisimama kujieleza, watu wakapiga makelele, akakaa. Mimi, niliyekuwa najua kuliko kila mtu hapa ndani mchele ule ni kitu gani, niliangalia daftari yangu. Sikusema neno.

Ndiyo maana Mwenyeheri wa Goma amenitia haya. Watu wanamwita shujaa, na ni kweli. Lakini mimi nikisema shujaa, najisikia nimeshatoka mlangoni: mambo ya mashujaa si yangu, mimi mama wa soko. Basi nimeangalia upande mwingine. Pale mpakani kulikuwa na kijana mmoja wa miaka 26 mwenye sahihi moja. Ukimwondoa yule mmoja, mlango uko wazi. Wabaya wanajua hesabu hiyo vizuri. Kama sahihi ya kukataa ingekuwa ya watu kumi, wangemchukua nani? Kila tunapomwacha mwenye kusema hapana asimame peke yake, tunawaonyesha wabaya mahali pa kupiga.

Mwezi wa tatu tulimwacha wa kwetu peke yake. Alitoka salama, Mungu asifiwe. Tusingoje tumfanyie misa na maua ndipo tuseme alikuwa mtoto mzuri.

Basi ninaomba mambo matatu, na prezida atayaweka kwenye kura leo.

La kwanza, mzigo wa chakula usipokelewe tena na mtu mmoja. Wafungue watu watano, na kati yao watatu wawe ba mama wenye watapokea chakula kile kile. Mama mwenye kujua kwamba kopo lile litaenda kwa mtoto wake, pua yake haidanganyiki. Wote watano watie sahihi, ya kukubali au ya kukataa.

La pili, mifuko iliyokataliwa iandikwe na ipigwe picha, na mwenye mzigo arudishe pesa au alete mingine. Ile yenye imekwisha kuharibika kabisa, na ni yetu, tuichome mbele ya watu. Najua kuchoma chakula mbele ya wenye njaa ni jambo la kuumiza. Mutaniambia tuwape hata kuku. Mifuko yenye inaenda kwa kuku nimeona inarudi sokoni kwa mlango wa nyuma. Ichomwe.

La tatu ni kwa ninyi wafadhili wetu, mutakaosoma haya katika jarida. Tunawashukuru, na munajua tunawashukuru. Lakini mutusaidie na hili. Mukituandikia tarehe ya mwisho ya kugawa, na mukiuliza tu familia ngapi zimepokea, mfuko uliolowa unapita juu ya haraka. Mutuulize pia mifuko mingapi tumekataa. Tukiwaambia 14 kati ya 60, musisome kwamba tumeshindwa kazi. Mwezi wa tatu siku zile 16 ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Na muweke ndani ya bajeti yenu pesa kidogo ya hasara hiyo na ya mtu wa kulala depo, juu usiku wa kwanza baada ya kukataa ndio usiku mrefu.

Kijana wetu amekaa pale karibu na mlango. Sitamwomba asimame, naona ameshainamisha kichwa. Mwanangu, mwezi wa tatu niliangalia daftari. Nisamehe. Mama yako yuko hapa, na yeye pia namwomba msamaha juu ya mabati yake.

Jumamosi hii mzigo mwingine unafika, mifuko 45, wameniambia saa mbili asubuhi. Mimi nitakuwa pale na kopo langu na shitingi, ile ile. Natafuta watu wa kufungua pamoja na yeye. Mwenye atakuja, ainue mkono sasa, karani aandike.



Tunaongeza sisi wa jarida: wanachama 11 waliinua mkono, na mambo yote matatu yalipita kwenye kura. Kuhusu kese, mkutano uliomba mama aendelee mpaka mkutano mkuu wa mwezi wa kumi na mbili, na wasimamizi wawili wapya wataangalia daftari pamoja naye kila mwezi. Jumamosi tarehe 12 mifuko yote 45 ilifunguliwa. Miwili ilirudishwa. Karatasi ya kupokea ina sahihi tano, na ya kijana wetu ndiyo ya tatu.